Kuchagua springi za gari Arusha na Moshi: anza na uzito, kimo kifuate

Ukiingia duka la spea Arusha mjini ukasema unatafuta springi, utaulizwa gari gani, la mwaka gani, halafu kama unataka za kawaida au za kunyanyua. Gari linabeba kilo ngapi siku za kazi, hilo huulizwi. Na ndilo swali linaloamua kama abiria wako watashuka Karatu wakiwa wazima au wakiwa wameshika viuno.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari, na wa fundi anayetaka kumweleza mteja sababu ya ushauri wake. Kuna hesabu kidogo ya kuzidisha na kugawanya, kikokotoo cha simu kinatosha. Msimamo wangu ni huu: springi huchaguliwa kwa uzito ambao gari linabeba siku nyingi za mwaka. Gari linavyopendeza likiwa limepaki halina nafasi kwenye uamuzi huu.

Kimo na ugumu ni vitu viwili

Kimo ni gari linakaa juu kiasi gani. Ugumu ni kilo ngapi zinahitajika kuibonyeza springi milimita moja. Springi ya koili ya kawaida hubonyea kwa kadiri inavyobebeshwa: kanuni hii ilichapishwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678 na bado ndiyo inayotumika gereji. Ukiongeza kilo 100 ikashuka milimita 30, ukiongeza nyingine 100 itashuka 30 tena, hadi koili zigusane au gari ligote, yaani sospensheni ifike mwisho wa safari yake.

Springi mbili zinaweza kulikalisha gari kwenye kimo kilekile, moja ikiwa laini na ndefu, nyingine ngumu na fupi. Kwa hiyo mtu anayelalamika kuwa gari linagota kila tuta akauziwa springi ndefu zaidi yenye ugumu uleule, amepata nafuu ya muda tu. Gari limepanda, lakini likijaa watu litashuka kwa kiasi kilekile cha mwanzo.

Mfano ulio wazi ni Hiace zenye tosheni baa mbele, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya koili. Wengi huomba bolti ya kurekebisha ikazwe ili mbele pawe pagumu. Bolti ile inainua gari; ugumu wa chuma haubadiliki. Ikikazwa kupita kiasi, tairi linakosa nafasi ya kushuka, na kila ukitoka kwenye shimo unasikia mgongano wa chuma kwa chuma.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni springi

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lililojazwa kupita kiasi hufanya gari zuri lionekane gumu, na hakuna springi itakayoponya hilo. Kagua bushi za mikono ya sospensheni, boljointi na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Bushi zikiwa zimekufa gari linayumba barabarani hata springi zikiwa mpya.

Kisha chukua tepu. Paki sehemu tambarare, upime kutoka katikati ya ringi kwenda juu wima hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Ukipima kutoka chini kwenye ardhi, upepo wa tairi utakudanganya. Ukianzia katikati ya ringi unapata kazi ya springi peke yake. Linganisha kulia na kushoto. Kwa magari yetu upande wa kulia huwa wa kwanza kuchoka, maana dereva anakaa hapo kila siku, hata siku gari halina abiria. Tofauti ya milimita 5 usiihangaikie. Ikifika 15 au 20, upande mmoja umelegea au springi imekatika.

Ingia chini ya gari na tochi. Mpira wa kugotea ukiwa umepasuka au unang'aa katikati, gari linagota mara nyingi kuliko unavyosikia. Tazama koili pia: ukiona mstari uliochubuka rangi pale duara moja linapokutana na jingine, springi hiyo imekuwa ikijifunga kabisa chini ya mzigo. Angalia na ncha ya chini kabisa, ile inayokaa kwenye kikombe. Matope na maji hukaa humo, kutu inakula, na kipande cha koili hukatika bila mwenye gari kujua. Unaona tu gari limeinama.

Pima mzigo, usiukisie

Njia bora ni mizani. Wafanyabiashara wa mazao wenye mizani ya magari mara nyingi hukubali kukupimia ukiomba vizuri. Panda na tairi za mbele peke yake, soma. Kisha za nyuma peke yake, soma. Fanya hivyo gari likiwa tupu, na tena likiwa na mzigo wako wa kawaida.

Kama mizani haipatikani, jumlisha kwa mkono. Mtu mzima mhesabie kilo 75. Begi la mgeni wa safari kilo 15 hadi 20. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takribani kilo 0.84, kwa hiyo tangi la lita 180 likijaa ni kilo 150. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Tairi la akiba la gari kubwa na ringi yake linazidi kilo 30, na magari ya watalii hubeba mawili.

Kwa Land Cruiser zilizorefushwa hapa Arusha, zenye paa la kufunguka, viti vya ziada na friji, kuna uzito ambao hautoki kamwe. Huo uhesabu kama sehemu ya gari tupu. Springi iliyotoka na gari kiwandani haikujua habari za paa hilo.

Gawanya mzigo kwa ekseli. Mzigo uliokaa juu ya ekseli ya nyuma unabebwa na nyuma karibu wote. Ule ulio nyuma ya ekseli, kama tairi za akiba mlangoni, unaongeza uzito nyuma na kupunguza kidogo mbele. Ndiyo maana gari lililopakiwa vibaya linatazama juu na usukani unakuwa mwepesi.

Isome springi uliyonayo

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, na ndipo penye faida kubwa. Unahitaji vipimo vitatu vya springi ya koili: unene wa waya, upana wa duara, na idadi ya koili zinazofanya kazi. Kifaa cha kupimia unene ni venia, na fundi wa kuchonga vyuma yeyote anayo. Kwaruza rangi na kutu kwanza, maana milimita moja hapa ni kubwa mno.

Upana pima kutoka nje hadi nje, kisha toa unene wa waya mara moja ili upate duara la katikati. Koili hesabu zote, halafu ondoa zile zilizolalia vikombe juu na chini, maana hazibonyei.

Kanuni, ukiweka kila kipimo kwa milimita na ukitaka jibu kwa kilo kwa milimita, ni hii: zidisha unene wa waya wenyewe kwa wenyewe mara nne, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa upana wa duara la katikati uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu, mara idadi ya koili zinazofanya kazi. Ile 1,000 imetokana na tabia ya chuma cha springi, na haibadiliki sana kati ya aina moja na nyingine.

Chukua springi yenye waya wa milimita 16, duara la katikati milimita 140, koili 7 zinazofanya kazi. 16 × 16 × 16 × 16 ni 65,536. Mara 1,000 ni 65,536,000. Chini yake, 140 × 140 × 140 × 7 ni 19,208,000. Jibu ni kilo 3.4 kwa milimita.

Sasa weka waya wa milimita 17, mengine yabaki vilevile. Jibu linakuwa 4.35. Milimita moja ya unene, ambayo kwa macho huioni, imeongeza ugumu kwa asilimia 27. Ndiyo sababu nasema usikubali springi "inayofanana" bila kuipima.

Kanuni hiyohiyo inaonyesha kinachotokea ukikata koili ili kushusha gari. Saba zikibaki sita, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 17 na wakati huohuo safari yake ya kubonyea imepungua. Mipira inayopachikwa katikati ya koili nayo inaziba koili zisifanye kazi, na zile zinazobaki zinabeba mateso yote hadi zinakatika. Sipendekezi mojawapo, kwa gari la mtu yeyote.

Gari lenye sospensheni huru mbele, kila tairi likipanda na kushuka peke yake, lina jambo la nyongeza. Springi haikai juu ya tairi, inakaa katikati ya mkono wa sospensheni. Tairi likipanda milimita 10 na springi ikabonyea 6, ugumu unaohisiwa na tairi ni 0.6 × 0.6, yaani asilimia 36 ya ugumu wa springi. Usilinganishe springi ya mbele na ya nyuma kwa namba tupu.

Hesabu ya starehe

Gari likiwa juu ya springi hupanda na kushuka kwa mwendo wake wa asili. Magari ya starehe huwa kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde. Yanayopendelea kona yanapanda hadi karibu 2, na ya mashindano yanazidi hapo. Mwili wa mtu aliyeketi huteswa zaidi na mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na springi ngumu husogeza gari kuelekea huko. Ikilainika mno, chini ya mara moja kwa sekunde, gari linaelea, na baadhi ya abiria wanaanza kichefuchefu.

Kupata namba yako: chukua uzito unaobebwa na springi moja, bila ekseli na tairi, ugawanye kwa ugumu. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 15.8 kwa kipeuo hicho.

Turudi kwenye springi zetu mbili, tukiziweka nyuma kwenye ekseli nzima (chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili), kila moja ikibeba kilo 500 gari likiwa tupu. Ile ya 3.4 inatoa mara 1.3 kwa sekunde: laini, nzuri. Ile ya 4.35 inatoa karibu 1.5, na abiria wa kiti cha nyuma atalalamika.

Pakia kilo 300 nyuma, 150 kila upande. Springi laini inashuka milimita 44, ngumu inashuka 34. Laini sasa iko 1.14, gari linabembea na liko karibu kugota. Ngumu iko 1.3, ileile ya springi laini likiwa tupu.

Maana yake ni kwamba springi ngumu haina kosa ikiwa mzigo wake upo. Gari la kampuni ya utalii linalotoka na wageni sita na vifaa vyao kila wiki litakuwa starehe juu ya springi za 4.35. Gari la familia Moshi linalobeba mama na watoto wawili kwenda shule, na mara mbili kwa mwaka linapakiwa ndizi na ndugu kutoka Marangu, likifungwa springi hizohizo litawapiga siku zote za mwaka kwa ajili ya siku mbili. Kwa familia hiyo ningesema baki na za kiwandani, na siku ya ndizi uendeshe taratibu.

Anayebeba mzigo leo na kesho yuko mtupu ana njia ya kati: springi ambazo koili zake zimekaribiana upande mmoja. Zile zilizokaribiana hulala kwanza chini ya mzigo, halafu zilizobaki zinakuwa ngumu zaidi. Zinafaa kweli kwa Hilux na Prado za shughuli mchanganyiko, na bei yake huwa juu.

Kona na mlingano wa mbele na nyuma

Kupanda kutoka Moshi kwenda Kibosho au Machame kuna lami na kona za kutosha, na hapo unajua kama gari limepangwa vizuri. Springi ngumu hupunguza kulala kwenye kona, lakini angalia umeweka wapi ugumu huo. Ukikaza nyuma peke yake, mkia unakuwa mwepesi kuteleza, hasa mvua za masika zikiwa zimelowesha lami. Ukikaza mbele peke yake, gari linasita kuingia kwenye kona na kutaka kwenda mbele moja kwa moja. Dereva wa kawaida ni salama zaidi na hili la pili.

Kwa upande wa starehe, nyuma huachwa iwe na mwendo wa kubembea wa juu kidogo kuliko mbele. Mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors miaka ya 1930, ndiye aliyelionyesha. Tuta linagonga tairi za mbele kwanza, za nyuma zinachelewa, kwa hiyo nyuma ikibembea haraka kidogo inaifikia mbele na gari linatulia pamoja badala ya kuchezesha kichwa. Kwenye barabara ya Arusha hadi Moshi yenye matuta yake, utalihisi hili ndani ya dakika chache.

Kama shida yako ni kulala kwenye kona tu, na kwingine gari liko sawa, kagua stabilaiza na bushi zake kabla ya kugusa springi.

Kunyanyua gari kunapandisha uzito juu, na gari lenye karia iliyojaa liko juu tayari. Milimita 40 hadi 50 ndiyo mwisho ninaoukubali bila kubadili vitu vingine. Kupita hapo, usukani wa gari lenye ekseli nzima mbele unapoteza utulivu wa kurudi katikati, paipu za breki zinavutwa, na jointi za shafti zinafanya kazi kwa pembe kali.

Springi za bapa

Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70 zilianza kupewa koili mbele mwaka 1999, nyuma zikabaki na springi za bapa, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwa hizi, ugumu unafuata unene wa bapa uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu: bapa la milimita 8 ni gumu kuliko la 7 kwa karibu nusu. Kuongeza bapa moja refu kunakaza gari wakati wote. Kuongeza bapa la chini, nene na lililonyooka, kunasaidia pale tu mzigo unapolifikia, na kwa gari linalorudi tupu kutoka hifadhini hilo ndilo chaguo langu.

Kuzikunja upya springi zilizolala kunarudisha kimo. Zikipashwa moto bila kupozwa kwa utaratibu unaofaa baadaye, chuma kinapoteza nguvu yake na zinalala tena haraka. Ulizia fundi anafanyaje kabla hujamwachia.

Shokapu na barabara ya mawimbi

Springi mpya ngumu na shokapu za zamani hazipatani. Springi inarudisha nguvu nyingi zaidi na shokapu haina uwezo wa kuizuia, kwa hiyo gari linaruka. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu na uachie: linatakiwa lipande, lishuke kidogo, litulie.

Yale mawimbi madogo ya barabara za vumbi kuelekea Naabi, lango la Serengeti, ni habari nyingine. Mawimbi yakiachana sentimita 70 hivi na wewe uko kilomita 30 kwa saa, tairi linapigwa karibu mara 12 kwa sekunde, na huo ni mwendo ambao tairi na ekseli zenyewe hupenda kuruka. Springi yoyote utakayofunga haitaondoa hilo. Kinachosaidia ni shokapu zenye mafuta ya kutosha zisichemke haraka, na upepo wa tairi uliopunguzwa kwa kiasi huku mwendo ukidhibitiwa. Usimlipe mtu kwa springi ukitafuta dawa ya mawimbi.

Dukani na gereji

Nenda na namba zako: ugumu unaoutaka, kimo, umbo la ncha za springi. Nunua jozi. Kwenye baadhi ya magari ya kulia na ya kushoto hutofautiana, na alama za rangi kwenye koili ndizo zinazotenganisha, kwa hiyo usizifute. Za mtumba zikague kwa kucha: vishimo vya kutu juu ya waya ndiyo mianzo ya mipasuko. Simamisha mbili zilizo sawa kwenye sakafu. Iliyo fupi imechoka.

Kwenye kufunga, springi ya koili iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Kibano kiwe kizima, gari likae kwenye stendi, si juu ya jeki peke yake. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limeshushwa chini kwa uzito wake, vinginevyo mpira unabaki umejikunja na kuchanika mapema. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi za bapa kwenye ekseli, ziwe mpya.

Pakia mzigo wako halisi kisha pima tena kwa tepu, na uangalie nafasi iliyobaki kabla ya kugota. Nataka kuona milimita 60 au zaidi nyuma. Tembea kwenye matuta polepole, kisha kona, kisha rafu rodi, dereva mmoja, siku moja, upepo uleule wa tairi. Springi mpya hushuka kidogo zikizoea, hivyo alaimenti ya mwisho na taa za mbele zirekebishwe baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na siku hiyohiyo yubolti zikazwe tena. Ukikuta upande mmoja umeshuka zaidi ya mwingine, zirudishe dukani ukiwa na vipimo vyako vya siku ya kufunga mkononi.